Mwaka Niliomfundisha Faida Kulia kwa Kiingereza

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo silifundishi. Wanafunzi wangu hapa Mbarara ni wanawake watu wazima, wake wa askari wa kambi ya Makenke na wauza vitambaa wanaotaka kujisomea barua zao wenyewe bila kuita mtoto wa jirani. Tunakaa chumba cha nyuma cha duka la Hajati Sauda, juu ya marobota ya vitenge, na ubao nimeuegemeza kwenye cherehani mbovu. Juzi Jumanne Hajati alikuja na kadi ya rambirambi aliyotumiwa na mteja wake, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Madamu, hii 'broken-hearted' ni nini?" Nikamwambia tuiache hiyo, twende mbele. Akashika kiuno. "Banange! Madamu, wewe nafundisha sisi maneno yote, mpaka ya kugombana na kondakta. Hii moja nakataa kwa nini?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao, uongo mtupu. Kisha nikafuta ubao nikasema somo limekwisha, na bado tulikuwa na nusu saa nzima mbele yetu. Sikuwa na nguvu ya kumweleza Hajati kwamba siku tatu kabla ya hapo nilikuwa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kwenye kumaliza matanga ya Faida.

Sitaanza na aliyenizaa wala jinsi tulivyovuka mpaka. Hayo kila mtu wa Kashojwa, kijiji chetu humo Nakivale, anayo, na ukiyasikia ya mmoja umeyasikia ya kumi. Naanza na nyumba ya Faida, kwa sababu mwaka ule mimi niliishi humo zaidi ya mwangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa peke yangu. Yeye alikuwa amepita thelathini, mjane, na binti mmoja wa miaka mitatu, Neema, ambaye alikuwa bado anafungwa mgongoni akipewa maziwa ya unga. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, juu yake shitingi nyeupe ya plastiki ambayo jua la mchana liliifanya iwake mpaka macho yanauma. Ndani kulinuka moshi na muhogo uliolowekwa. Faida alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alipika kuliko mwanamke yeyote niliyewahi kumjua. Sombe yake, majani ya muhogo, aliitwanga mara mbili, akatia ndagala wadogo wa ziwani, na ukifika mlangoni mwake saa ya chakula hakuulizi kama una njaa. "Ikala. Kula kwanza, weye. Kingereza haiwezi ingia mu tumbo ya njala." Nami nilikaa. Mungu anajua nilikaa.

Kiingereza nilikipata kwa Mwalimu Byamungu. Huko kwetu alikuwa mwalimu wa Kifaransa, suruali yenye mstari na kalamu mbili mfukoni, na alipofika Uganda akagundua Kifaransa chake hakimnunulii mtu hata chumvi. Basi akajifundisha Kiingereza kwa redio na kamusi kuukuu, kisha akaanza kutufundisha sisi katika kanisa la udongo, alasiri, watu wakitoka kulima. Chombo chake cha kazi kilikuwa jerikani tupu ya njano na mwiko. Kila silabi pigo moja, na pale penye mkazo anapiga kwa nguvu mpaka mbuzi wa nje wanaruka. "Munasikia? Kiswahili ni muntu ya heshima," alituambia. "Muzigo yake anabebaka fasi moja tu, ya pili kutoka mwisho, hata umwamushe mu usingizi. Kingereza ni mulevi! Leo anabeba ku kichwa, kesho mu mugongo, na haombi ruhusa." Tulipiga magoti yetu kwa viganja, wazee kwa vijana, kama kwaya. Mimi nilikuwa wa kwanza kati yao wote. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Nakumbuka alasiri aliyotuletea maneno yaliyoungwa. Alisema Waingereza huchukua moyo, wakauwekea mkia mdogo ukawa "mwenye moyo", halafu mbele yake wakapachika hali ya moyo huo, wakafunga na kistari, na hapo mtu mzima amekwishaelezwa. Moyo mwema, moyo mgumu, moyo uliovunjika. Kiswahili kinahitaji silabi kumi kusema "mwenye moyo uliovunjika". Wao nne tu, bro-ken-hear-ted. Na akatuonyesha kitu ambacho mpaka leo nakiona ni cha ajabu: neno likisimama peke yake mwishoni, pigo kubwa liko kwenye moyo, lakini ukiliweka mbele ya mtu, mwanamke fulani, mwanaume fulani, pigo linahama, linakimbilia mbele, kwenye kuvunjika. Jioni ile nilimpelekea Faida neno hilo kama mtu anayempelekea jirani samaki. Alikuwa anasonga bugali. Nikampigia kwenye sufuria, namna zote mbili, nikamweleza maana yake. Akaacha mwiko ndani ya chungu. "Iko na neno moja ya ile yote?" akaniuliza. "Neno moja tu?" Nikamwambia ndiyo, moja tu. Akalirudia polepole, akiwa ameangalia moto, na akalipata mara ya kwanza.

Mwezi uliofuata jina lake lilibandikwa kwenye ubao wa Base Camp, penye ofisi za makazi. Ameitwa kwenye mahojiano ya kuhamishwa, nchi ya mbali, yeye na mtoto. Watu walikuja kumpongeza, akawapa chai, na walipoondoka nilimkuta ameketi chini nyuma ya nyumba, mikono kichwani. Nilidhani amefiwa. "Siendi," akasema. Nikamuuliza una wazimu? Akanieleza. Kule ndani utaulizwa kila kitu kilichokupata, na unajibu kwa mtafsiri, na mtafsiri wa siku zile alikuwa baba mmoja wa hapo hapo Kashojwa ambaye mke wake aliuza vitunguu sokoni. "Ile bintu bilinipata mu njia, sijawahi ambia muntu. Hata weye. Sasa niambie bwana ya Mama Vitunguu? Itafika ku soko mbele miye nifike ku nyumba! Neema atakomaa hapa, batamuonyesha kidole." Nikamwambia labda anaweza kuomba mtafsiri mwingine, lakini nilisema hivyo kwa mdomo mwepesi, maana wazo jingine lilikuwa limekwishanijia na lilikuwa linanifurahisha. "Wacha," nikasema. "Utasema mwenyewe. Kwa Kingereza. Nitakufundisha." Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango. Mambo yaliyompata sitayaandika hapa. Alinipa mimi peke yangu, jioni mbili, na ni yake.

Tulikuwa na wiki sita. Niliyachukua yale aliyoniambia, nikayaandika sentensi thelathini na mbili kwenye daftari la mraba, safi, fupi, kila moja na mapigo yake yamewekewa alama ya kalamu nyekundu. Ya mwisho ilikuwa ile ya moyo. Asubuhi tukienda kuchota maji tunasema. Tukipalilia mahindi tunasema. Akikosea pigo nampiga kidogo kwenye kiganja, na tunacheka, ndiyo, tulicheka mno, maana Faida alikuwa na mzaha. "Mwalimu yangu mukali kuliko ya bazungu," alikuwa akisema. Wiki ya kwanza alilia kila tukifika sentensi ya kumi na nne. Alisimama hapo, na mimi, mtoto wa miaka kumi na tisa niliyejua kila kitu, nilimwambia: "Usilie katikati ya sentensi, mapigo yanapotea. Lia ukimaliza." Akajitahidi. Wiki ya tatu alilia mwisho tu. Wiki ya tano hakulia kabisa. Alisema zote thelathini na mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho, macho makavu, kidole chake kikigonga paja, kila mkazo mahali pake. Nilirukaruka! Nilimkumbatia! Leo nikiandika hapa natamani mtu angenizaba kofi siku ile.

Kusema kweli yuko aliyejaribu. Mwalimu Byamungu alitusikia shambani, akaniita pembeni baada ya somo, akiwa ameshika jerikani yake chini ya kwapa. "Mapendo, unafanya nini na ule mama?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba namwandaa. Akatikisa kichwa. "Kingereza ya examen ni ingine. Mu examen, ukisema bila kukosa, banakupa pointi. Mu kesi, muntu anasema kama vile anaumwa. Muache aende na Kiswahili yake, hata ikatike-katike." Nikamwambia, "Ndiyo, Mwalimu," na moyoni nikasema huyu mzee ana wivu, Faida ameanza kuwapita wanafunzi wake wa miaka miwili. Sikio la kufa halisikii dawa. Sikumwambia Faida neno hata moja la maongezi yale.

Siku yenyewe alivaa kitenge cha harusi ya mtu mwingine, alichoazima. Mimi nilibaki nje kwenye benchi na Neema mapajani. Ofisi ilikuwa ya mbao, na ukuta wa mbao hauna siri. Nilimsikia akikataa mtafsiri, kwa sentensi tuliyoiandaa pia, na yule baba akatoka nje akanyoosha miguu kwenye jua. Kisha Faida akaanza. Ilikuwa nzuri mno, jamani. Nilikuwa nagonga naye kwenye mgongo wa mtoto. Kumi, kumi na nne, ishirini, bila kukwama. Mwanamke mzungu aliyemhoji hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza na ule moyo, pigo likihama kama lilivyotakiwa, nikasikia karatasi ikigeuzwa. Kisha mzungu akauliza kitu kidogo, kwa upole: nyumba mliyolala usiku ule ilikuwa ya nani? Hiyo hatukuiandika. Nikasikia kidole cha Faida kwenye meza, tap, tap, kinatafuta. Halafu akajibu kwa sentensi ya kumi na moja. Mzungu akauliza tena kwa maneno mengine. Akajibu tena sentensi ya kumi na moja, vilevile, na mkazo uleule. Akaulizwa kama anataka mtafsiri arudi. "No, thank you," akasema Faida, kwa sauti nzuri niliyomfundisha. Na hapo mimi, kwenye benchi, nilijua. Sikujua yote, lakini nilijua tumeharibu. Alipotoka alikuwa anang'aa. "Nimesema yote, Mapendo! Sijalia hata kidogo!" Nikamwambia umefanya vizuri sana, dada. Tukanunua mandazi, tukarudi kwa miguu.

Barua ilikuja mvua zikiwa zimeanza. Faida alinipa, pale jikoni kwake, haijafunguliwa, akaisubirisha mpaka anawe unga mikononi, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Hakukuwa na mwingine wa kumsomea ambaye angemwamini. Nikaifungua. Ilikuwa ukurasa mmoja, na Kiingereza chake hakikuwa kigumu. Ilisema ushuhuda wa mwombaji umeonekana kukaririwa. Ilisema alizungumza juu ya mambo mazito bila hali inayolingana nayo, na kwamba alishindwa kujibu maswali nje ya maelezo aliyoyaandaa. Ilisema kwa hiyo hawakuweza kumwamini. Na chini kabisa, mistari miwili peke yake, ilisema ana siku thelathini kuomba kesi iangaliwe upya, na kwamba anaweza kuomba mtafsiri mwanamke, kutoka nje ya makazi. Mtafsiri mwanamke. Nilisoma mstari ule mara tatu. Faida alikuwa ananiangalia mdomo. "Banasema nini?"

Wiki ileile mkurugenzi wa shule moja ya watoto ya Mbarara alikuwa ameahidi kunichukua nikafundishe, kwa sababu alisikia kuna msichana mkimbizi Kashojwa anayejua Kiingereza kuliko watu wa mjini. Nilifikiri juu ya hilo? Nilifikiri. Nilifikiri pia uso wa Mwalimu Byamungu, na watu kisimani wakisema Mapendo ndiye aliyemharibia. Lakini zaidi ya yote niliona haya, haya ya kitoto, ya kumwambia mtu aliyenilisha kwamba nilichukua machozi yake nikayakausha na sasa ndiyo hayo wanayoyatafuta. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kukunja karatasi. "Banasema nafasi zimejaa," nikamwambia. "Ungojee. Batakuita tena." Faida akashusha pumzi. "Ah! Basi ni ile tu? Nilifikiri banakataa. Mungu iko." Akaichukua barua, akaibusu, akaiweka ndani ya Biblia, akarudi kwenye chungu chake. Nikajiambia nitamweleza kesho, akiwa ametulia. Kesho yake alikuwa anaimba, sikupenda kumharibia. Keshokutwa kulikuwa na mgawo wa chakula. Hivyo ndivyo siku zinavyokwenda, hazipigi hodi.

Nikahamia Mbarara kabla ya mwaka kuisha, na hapo ndipo nilipobaki. Nikawa madamu. Faida hakuitwa tena. Alingoja mwaka wa kwanza akiwa na mizigo imefungwa, wa pili akaifungua, baadaye akaacha hata kutaja. Kila nilipokwenda kumtembelea alinitambulisha kwa wageni: "Huyu njo alinifundishaka Kingereza." Mwaka jana akaanza kuumwa figo. Madaktari walisema dawa ya kweli ipo lakini haipo hapa, ipo huko nchi za mbali, na maneno hayo niliyasikia nimesimama miguuni pa kitanda chake. Nilifungua mdomo siku ile, nawaapia. Akasema, "Mapendo, nipe maji," nikampa maji.

Jumamosi ya kumaliza matanga watu walikuwa wengi, tukapika sufuria kubwa tatu, tukaimba. Mchana, wageni walipokuwa wanakula, Neema aliniita ndani. Sasa ni mwanamke, muuguzi, amesoma Uganda tangu chekechea, Kiingereza chake kinanishinda. Alikuwa anapanga vitu vya mama yake kitandani. Mikononi alikuwa na ile barua, imekuwa ya njano, imekatika kwenye mikunjo. Hakupiga kelele. Nilitamani apige kelele.

"Mama mudogo," akasema, "hii barua nani alimusomeaka mama?"

"Miye."

"Nisomee. Kwa Kiswahili. Kama vile ulimusomea yeye."

Nikaketi. Sikumsomea kama nilivyomsomea mama yake. Nilimsomea iliyoandikwa, mstari kwa mstari, kukaririwa, kutoaminika, mtafsiri mwanamke, siku thelathini. Nikamwambia na lile nililosema badala yake. Nje mtu alikuwa anaomba chumvi ya ziada. Neema alisikiliza mpaka mwisho, amesimama, kama wauguzi wanavyosikiliza. Halafu akauliza swali moja tu.

"Na ile siku yote thelathini, ulikuwa wapi?"

"Hapa," nikamjibu. "Nilikuwa nakula hapa kila siku."